Mpira unaacha mkia
Hizi runinga za LED kwenye vibanda vya mpira hapa Kondele, Kisumu, zimenichosha. Winga akichomoka, jezi inageuka ukungu, namba mgongoni huisomi. Mpira mrefu ukipigwa unaburuta mkia mpaka utue! Runinga za plasma, zile za zamani, hazikuwa hivyo. Kila nukta ya picha iliwaka yenyewe kwa gesi, ikamulika na kufifia upesi, jicho likaona mpira mzima. LED hushikilia picha moja hadi nyingine ifike, na jicho linalofuata mpira huona umepakazika. Sawa, plasma ilikula umeme na ilikuwa nzito. Lakini Panasonic iliacha kuziunda 2013, Samsung na LG 2014, tukabaki kuuziwa wembamba. Wenye vibanda, mliobaki na plasma nzima, itundikeni siku za mechi!