Duranta imekauka tena, na si mbuzi
Kila masika kando za barabara hapa Kisumu hupandwa duranta ya manjano, kichaka cha mapambo. Januari ikifika, ni vijiti. Lawama zote kwa mbuzi. Mbuzi gani? Ng'oa mche mmoja uone: karatasi nyeusi ya kitalu bado imebana mizizi, na chini yake ni kokoto na simiti iliyofukiwa na mafundi.

Chimba sentimita 40, toa taka za ujenzi zote, kisha changanya madebe mawili ya udongo wa juu na moja la samadi iliyooza. Mbichi huunguza mizizi. Upande wa Nyamasaria udongo mweusi hupasuka kiangazi na kukata mizizi, kwa hivyo funika na nyasi kavu.

Lakini kinachoudhi zaidi ni udongo kurundikwa kama kichuguu, juu kuliko ukingo wa barabara. Mvua inanyesha, maji yanateremkia lami, matope yanaziba mtaro, na mche una kiu huku umelowa! Shusheni udongo sentimita 5 chini ya ukingo. Na kayaba (ua wa mimea) ya kwenye kona isipite magoti, tafadhali. Bodaboda hutokea hapo bila kuona gari.