Anayelipa Asishike Bambo

Mwenye kiwanda cha unga wa lishe hapa Arusha hasumbuki kupata mshirika wa utafiti. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iko Tengeru, World Vegetable Center, kituo cha utafiti wa mboga, iko hukohuko, na ukishuka Moshi unawakuta watafiti wa hospitali ya KCMC. Barua moja na kikao cha chai vinatosha kuanza. Kinachosumbua ni swali ambalo kwenye kikao hicho watu huona haya kuliuliza: matokeo yakitoka mabaya, yatakuwa ya nani?

Mimi nasema kiwanda kilipe, kitoe unga, kifungue milango, halafu kikae pembeni kwenye mambo mawili: kuchukua sampuli, na kuamua kipi kichapishwe.

Kwenye sampuli ndiko kunakoharibika mapema. Unga wa lishe una mahindi na karanga, na vyote viwili hupata sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu inayotengenezwa na ukungu. Kikomo cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa aflatoksini zote, na 5 kwa aina moja yake, B1, iliyo kali zaidi. Lakini sumu hii haitawanyiki sawasawa. Punje chache mbovu zinaweza kubeba karibu sumu yote ya shehena. Meneja akichota kiganja kimoja juu ya gunia, tena gunia alilolichagua mwenyewe, maabara itapima kwa usahihi mkubwa kitu kisicho na maana. Magunia yachaguliwe kwa bahati nasibu, na mtu wa upande wa watafiti. Bambo, ule mrija wenye ncha wa kuchotea nafaka guniani, lichomwe juu, katikati na chini. Machoto yote yachanganywe yafike kilo kadhaa, kisha yasagwe yote kabla ya kupunguza. Wengi hukosea hapo: wanapunguza punje kwanza, wanasaga robo kilo, na ile punje mbovu imebaki kwenye ndoo. Unga ukishasagwa ugawanywe mafungu matatu: la maabara, la kiwanda, na la akiba, lililofungwa kwa lakiri mbele ya pande zote. Pakitokea ubishi, fungu la tatu ndilo litakaloamua. Anayeona huu ni urasimu akumbuke kwamba mwaka 2016 sumu hii iliua watu 20 Dodoma na Manyara.

Ukija kwenye majaribio ya watoto, mitego ni mingine. Unga wa bure hauliwi na mtoto mmoja. Ukimpa mama kilo 2 za mtoto wa utafiti na nyumbani wako watoto watatu, uji utagawanywa, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Mwishoni utaambiwa unga haufanyi kazi, kumbe dozi haikufika. Toa mgao wa nyumba nzima, au mtoto anywe mbele ya mhudumu.

Halafu kuna mwinuko. Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi haifiki 1,000. Watu wa juu huwa na wingi wa damu (hemoglobini) mkubwa zaidi kwa sababu ya hewa tu. Ukiwapa unga watoto wa Arusha na kuwalinganisha na wa Moshi bila kusahihisha vipimo, umeupa unga sifa za mlima. Ferritini, kipimo cha akiba ya madini ya chuma mwilini, nayo hupanda mtoto akiwa na maambukizi, kwa hiyo ipimwe pamoja na kipimo cha uvimbe mwilini, CRP.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa makala 206 kuhusu soda, juisi na maziwa. Majaribio yaliyolipiwa yote na wenye bidhaa hayakuwa na hata hitimisho moja baya kwao. Kati ya yale yasiyo na fedha zao, asilimia 37 yalikuwa nalo. Sidhani kama wote walighushi namba. Mara nyingi mchezo unakuwa kwenye swali lenyewe. Linganisha unga wako na uji wa sembe tupu, utashinda kila siku. Ulinganishe na mchanganyiko wa nyumbani wa mahindi, maharage na dagaa, kisha tuzungumze. Kwa hiyo cha kulinganisha nacho kiandikwe kwenye andiko la utafiti kabla ya kibali cha maadili, na jaribio lisajiliwe kabla mtoto wa kwanza hajapimwa.

Malipo yafuate hatua za kazi: sampuli zimekusanywa, vipimo vimekamilika, ripoti imekabidhiwa. Yasifuate rangi ya matokeo. Na kile kifungu cha uchapishaji, ambacho wahadhiri wengi hukisaini bila kukisoma kwa sababu fedha za mwanafunzi wa uzamili zimeshachelewa, kiseme hivi: kiwanda kina siku 30 za kusoma rasimu, kuonyesha makosa na kulinda siri ya mapishi yake, siku ya 31 makala inakwenda. Mwanasheria wa kiwanda akitaka neno "kusoma" ligeuzwe "kuidhinisha", fungeni faili mnywe chai yenu.