Mita 12 Juu ya Maji

Mvua ya Ziwa Victoria ukiitazama kutoka ufuo wa Dunga, Kisumu, huja kama pazia. Inafuta vilima vya ng'ambo, inameza mashua, mwishowe maji na mbingu vinakuwa rangi moja. Ndivyo ilivyowakuta marubani wa WestJet, shirika la ndege la Kanada, Machi 7, 2017, wakielekea kutua Sint Maarten, kisiwa cha Karibi. Boeing 737-800 yao ilishuka hadi futi 40 juu ya bahari, yaani mita 12, ikiwa bado nusu kilomita na ushei kabla ya barabara ya kutua ndege. Mabawa yake pekee yana upana wa karibu mita 36! Wakaghairi, wakapaa tena. Watu 164 walitoka salama.

Wanaowatetea husema: walighairi, unataka nini zaidi? Hoja hiyo ina uzito. Mvua iliwafunika ghafla, taa za barabara zilikuwa hafifu, na upande wa kushoto kulikuwa na hoteli ambayo macho yao yaliidhania ndiyo uwanja. Juu ya maji hakuna mti wala paa la kukuonyesha umeshuka kiasi gani.

Lakini kipima-kimo kilikuwa mbele yao. Wote wawili walitafuta barabara dirishani, kimo kikakosa wa kukiangalia, na king'ora cha ndege kikalia wakiwa tayari karibu na maji. Kwangu hapa ndipo penye kosa: uamuzi ulipaswa kufanywa pale pale barabara ilipopotea machoni, si walipokaribia mawimbi. Kwa umbali ule wa nusu kilomita na ushei, ndege huwa juu zaidi ya mara tatu ya futi hizo 40.

Hata hivyo, sisi abiria tuna sehemu yetu ya lawama, tunapomkasirikia rubani aliyeghairi kutua. Tunasahau kilichotokea ng'ambo ya ziwa letu hili, Bukoba, Tanzania: Novemba 6, 2022, ndege aina ya ATR ilitumbukia majini ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43, walikufa 19, na waokoaji wa kwanza walikuwa wavuvi.

Baada ya hapo nilikuwa uwanja wa Kisumu nikimsubiri shangazi, mvua imefunga ghuba yote. Ndege ikazunguka, tukasikia injini tu, ikarudi Nairobi. Watu wakafoka. Jamaa mmoja akamwita rubani mwoga, na kadhaa wakaitikia. Nilinyamaza, na hadi leo najuta. Shangazi alifika kesho yake asubuhi, amechoka, anaulizia chai.