Fedha ya Korosho Igawe kwa Miezi 13

Kila mwaka mpya ukiingia, simu zetu hujaa ushauri wa tabia za watu waliofanikiwa: amka saa kumi alfajiri, andika malengo, fanya kazi kwa bidii. Mkulima wa Tandahimba au Ruangwa anaamka saa hizo tangu utotoni, na bidii anayo. Kinachomkwamisha ni kwamba kipato chake cha korosho huingia kwa mkupuo, kati ya Oktoba na Januari, ilhali chumvi, sabuni, daftari la mtoto na nauli ya kwenda zahanati vinadaiwa mwaka mzima. Kwa maoni yangu, hapa Kusini mwa Tanzania tabia inayostahili kutangulia nyingine zote ni kujilipa mshahara kutokana na fedha ya msimu.

Tuchukue kaya iliyouza kilo 1,000 za korosho na, baada ya makato yote, ikabaki na shilingi 2,500 kwa kila kilo. Ni shilingi 2,500,000. Kabla hata senti moja haijatumika, shamba litengewe chake: palizi, kupogolea, kukodi bomba la kupulizia, mafuta yake na vibarua. Tuseme 500,000. Shule za Januari 250,000, kwa sababu elimu bila ada haijaondoa sare, viatu na madaftari. Dharura 200,000. Shughuli, yaani sherehe za kifamilia, na michango 200,000. Inabaki 1,350,000. Hii ndiyo ya kugawa, na igawiwe kwa miezi 13. Wengi hugawa kwa 12, wakiamini malipo ya mwakani yatatoka mwezi uleule. Korosho zinaweza kuchelewa kukauka, mnada wa kwanza ukasogezwa, wakulima wakaikataa bei mnadani, au malipo yakachukua muda baada ya mnada. Msimu wa 2018/19, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wapo waliosubiri fedha zao kwa miezi. Mwezi wa 13 ni kwa ajili ya siku kama hizo.

Hesabu hiyo inatoa kama 100,000 kwa mwezi, na 50,000 zinabaki juu. Hizo 50,000 zitumieni wiki ileile ya malipo: nyama, kitenge, kandambili za watoto. Familia iliyookota korosho juani miezi mitatu inastahili kufurahi, na mpango usio na nafasi ya furaha huvunjwa kabla ya Krismasi.

Kwa kuwa korosho hupelekwa chama cha msingi cha ushirika kwa mafungu, malipo nayo huja kwa mafungu. Hapo ndipo mipango mingi hufia. Fungu la kwanza, kwa mfano kilo 200, huonekana dogo, likaliwa lote kwa matumaini ya la pili. Dawa yake ni kugawa kila fungu kwa uwiano uleule siku lilipoingia: katika kila 100,000, shamba 20,000, shule 10,000, dharura 8,000, shughuli 8,000, na 54,000 za mshahara. Tunzeni pia stakabadhi ya kila mzigo na kuandika kilo zake kwenye daftari lenu wenyewe. Kukitokea tofauti kati ya kilo zilizopimwa na zilizolipwa, karatasi hiyo ndiyo itakayosema.

Mshahara uchukuliwe tarehe moja, mara moja kwa mwezi. Ukitoa elfu tano tano kwa wakala, makato ya kutolea yanakula fedha na hujui imekwenda wapi. Fedha ya shamba na ya shule zikae kwenye akaunti nyingine isiyounganishwa na simu unayotembea nayo. Kibubu cha nyumbani kinafaa kwa mshahara wa mwezi mmoja tu. Zaidi ya hapo ni kuwakaribisha wezi, moto na ndugu wenye shida.

Hesabu hii yote haina maana kama anayeijua ni mtu mmoja. Katika kaya nyingi mama na watoto ndio huokota korosho, lakini ujumbe wa benki huingia kwenye simu ya baba. Naona hili ni jambo la haki kabla halijawa jambo la uchumi: ujumbe usomwe mbele ya wote siku hiyohiyo, mgawo uandikwe, na daftari likae mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba anaweza kulifungua.

Halafu kuna unyago, jando na harusi. Wapo wanaotuhubiria tuziache. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtoto anatoka jandoni akijua yeye ni wa nani, na mama anayetuza leo atatuzwa kesho. Maisha bila watu wa kukuzunguka ni mafanikio gani? Tatizo liko kwenye wakati wa kuamua. Kiwango kinachopangwa Desemba, ngoma zikilia na fedha ikiwa mfukoni, huwa mara mbili ya kile ambacho kingepangwa Septemba. Basi kaeni mpange Septemba. Mjomba aelezwe kiwango mapema, maana kwetu neno lake lina uzito, na akikubali yeye, mjadala umepungua nusu.

Kaya zenye ufuta, hasa za Lindi, zina nafasi nyingine nzuri. Fedha ya ufuta hutoka kati ya Juni na Julai, wakati mahindi yamevunwa na bei iko chini. Nyumba inayokula kilo 2 za unga kwa siku inahitaji kilo 60 kwa mwezi, yaani kilo 240 kwa miezi minne migumu ya Januari hadi Aprili. Kukoboa kunapunguza uzito, kwa hiyo nunueni magunia matatu ya kilo 100. Anikeni hadi punje ivunjike kwa mlio ukiing'ata, kisha wekeni kwenye mifuko isiyopitisha hewa, mkifunga kila tabaka peke yake. Mifuko hii hushindwa kazi kwa sababu mbili: panya kutoboa, na watu kufungua mfuko kila wiki. Hewa ikiingia, wadudu wanapata uhai tena. Mfuko ukishafunguliwa, maliza huo kabla ya kugusa mwingine.

Hisa za VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, zinunuliwe kutoka mshahara wa mwezi, kidogo kidogo. Mkopo wa kikundi unafaa biashara inayozunguka haraka, kama dagaa au mihogo. Ukikopa Machi ukitegemea kulipa kwa korosho ya Novemba, riba ya asilimia 5 kwa mwezi inakuwa asilimia 40 ya mkopo wa mwanzo. Hata hivyo hiyo ni nafuu ukilinganisha na kangomba, yaani kumuuzia mlanguzi korosho kabla ya msimu kwa bei ya kutupa. Aliyechukua shilingi 1,000 kwa kilo mwezi wa Agosti, kwa kilo 200, amepokea 200,000. Mnadani, kwa bei ya mfano wetu, zingempa 500,000. Amepoteza 300,000 zake kwa kukosa subira ya miezi mitatu, na biashara yenyewe hairuhusiwi. Karibu kila mara anayeingia humo ni yule ambaye mshahara wake uliisha Mei.

Bei ikianguka, punguzeni kwanza fungu la shughuli, kisha mshahara. La shamba lisiguswe. Mikorosho hutoa maua katika miezi ya baridi, na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe, hushambulia maua machanga wakati huohuo. Hata salfa, dawa ya kuuzuia, ikiwa ya ruzuku, bomba, mafuta na kibarua vinataka fedha taslimu, na raundi ya kupulizia iliyorukwa kwa kukosa elfu ishirini hailipiki baadaye: ua lililokauka halitoi korosho. Ndiyo maana fungu hilo lifungwe mpaka Juni, na wa kwanza kulifungua awe yule anayekwenda kukagua maua.