Namba tasa yenye tarakimu milioni 41 ina faida gani?

Oktoba 2024, Luke Durant, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya chipu ya NVIDIA, alipata namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Je, juhudi hizo zina maana?

Watetezi wengi hukimbilia usalama wa intaneti, na hapo wanakosea. Ni kweli RSA, mfumo wa kuficha ujumbe kwa ufunguo wa siri, hutegemea namba tasa, lakini ufunguo wa biti 2048 huhitaji mbili tu, kila moja ikiwa na tarakimu 300 na ushei, na simu ya mkononi huzipata haraka. Tena, siri haijengwi juu ya namba ambayo ulimwengu mzima unaijua.

Wanaopinga wana hoja nzito. Durant alitumia maelfu ya chipu za kuchakata picha zilizotawanyika katika nchi 17. Umeme zilioutumia ungefanya mengine. Isitoshe, ugunduzi huu haujibu swali kuu: je, namba tasa za aina hii (2 kwa kipeo fulani, toa 1), ziitwazo za Mersenne, hazina mwisho? Zinajulikana 52, na jibu halijapatikana.

Hata hivyo, mimi naona thamani iko kwenye njia, na njia yenyewe ni ya ajabu. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa namba unayoipima, ubaki na baki. Lifanyie baki hilo vivyo hivyo, tena na tena. Kwa namba ya Durant hatua hizo ni 136,279,839, na baki la mwisho likiwa 0, ni tasa bila shaka yoyote. Hutafuti kigawo hata kimoja! Mwanahisabati Édouard Lucas alitumia wazo la namna hii mwaka 1876 kuonyesha kwamba 2 kwa kipeo cha 67, toa 1, si tasa; vigawo vyake vilikuja kutajwa na Frank Cole mwaka 1903.

Kosa dogo katika hatua moja huharibu jibu zima, kwa hiyo hesabu hizi huzibana chipu kikwelikweli. Mwaka 2016 programu ya Prime95, inayotumika katika msako huu, ilifichua hitilafu katika chipu za Intel za Skylake, na Intel ikakiri. Hiyo ni faida ya kushikika.

Kinachonisumbua ni kingine. Mradi wa GIMPS, unaoendesha msako wa namba tasa za Mersenne na ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996, ulipata namba zake zote za awali kwa kompyuta za kawaida za watu waliojitolea. Sasa rekodi inaelekea kwa wenye uwezo wa kulipia chipu za bei kubwa. Lakini vipeo vilivyo chini ya hiki havijahakikiwa vyote. Huenda kuna namba tasa iliyorukwa, na kazi ya kuvihakiki kompyuta ya mezani bado inaimudu.