Dola 600 na kilo 104: raga ni kazi ya mtoto wa Lubumbashi?

Mpwa wangu wa Katuba, hapa Lubumbashi, ana miaka 17 na kilo 104, na kila Jumamosi anarudi nyumbani na udongo mwekundu mpaka ndani ya masikio. Mama yake ni mdogo wangu. Kuna mtu alimpigia simu akamwambia kijana ana mwili wa raga (rugby), atampeleka Johannesburg kwenye majaribio, na kinachotakiwa kwanza ni dola 600. "Yaya, niuze friza?" akaniuliza. Friza hiyo ndiyo inayogandisha samaki, tomsoni, anazouza sokoni, na tomsoni hizo ndizo zinazowasomesha watoto watatu.

Huku kwetu ukisema mpira watu wanafikiria Mazembe, klabu yetu ya soka, na Mazembe wana haki yao: mwaka 2010 walifika fainali ya klabu bingwa ya dunia. Mtoto wa kilo 104 hana njia ya Kamalondo, kwenye uwanja wa Mazembe. Raga ndiyo inayomtaka mnene wa kusukumana kwenye skramu, ile mistari ya mbele ikikabana vichwa chini, mrefu wa kuruka, mwembamba wa kukimbia pembeni, wote katika timu moja ya watu 15. Hoja hiyo ya kwanza ya wanaosema aende, siibishi. Kijana aliyekuwa anachekwa shuleni sasa anatembea kifua mbele.

Hoja yao ya pili ni majina. Yannick Nyanga, mzaliwa wa Kinshasa, aliichezea Ufaransa mechi 46. Madosh Tambwe, naye wa Kinshasa, alikimbia pembeni kwa Bulls wa Pretoria kabla ya kwenda Bordeaux, Ufaransa. Tena jirani zetu: ukivuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa ukashuka hadi Lusaka, umefika mji walikozaliwa George Gregan na Corné Krige. Kombe la Dunia la 2003, Gregan alikuwa nahodha wa Australia na Krige wa Afrika Kusini. Manahodha wawili wa kombe moja, wote wazaliwa wa Lusaka!

Hapo ndipo ninapoanza kusita. Nyanga alikulia Ufaransa. Tambwe alikulia Johannesburg. Gregan alipelekwa Australia akiwa mtoto, Krige akasoma Afrika Kusini. Hakuna hata mmoja aliyefundishwa kukaba mtu Kinshasa au Lusaka. Wazazi walihama na watoto wao, na nchi walizofikia zikawatengeneza wachezaji. Anayempa mtoto wa Katuba mfano wa Nyanga anampa mfano wa mtu aliyepanda basi akiwa bado mgongoni mwa mama.

Mfano unaotufaa zaidi ni Tendai Mtawarira, yule waliyemwita Beast. Huyo aliijua raga kwao Zimbabwe, kwenye shule, ndipo Sharks wa Durban wakamchukua, akafikisha mechi 117 na Afrika Kusini na kubeba Kombe la Dunia la 2019. Zimbabwe hawana ligi ya mamilioni, lakini wana shule zenye uwanja, kocha na ratiba ya mechi. Julai 2025, mjini Kampala, waliifunga Namibia 30-28 wakapata nafasi ya Kombe la Dunia la 2027, wakati mara ya mwisho walicheza 1991. Sisi tuna vijana wenye miili hiyohiyo. Tulichokosa ni shule yenye raga Jumatano mchana.

Sasa umri. Wengi wanasema amalize kwanza Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, mengine baadaye. Nami nilisema hivyo, lakini upande wa pili wana jibu zito. Ligi ya Ufaransa ina kanuni ya kulinda wachezaji waliolelewa pale: mojawapo ya njia za kuhesabiwa ni kupita misimu 3 kwenye akademi inayotambulika kabla ya kutimiza miaka 21. Anayefika na miaka 20 anahesabiwa mgeni, na nafasi za wageni zinagombaniwa na watu wa Fiji, Samoa na Georgia. Kwa hiyo haraka ya yule mtu wa simu si uongo mtupu. Anauza saa inayokimbia kweli, ila haonyeshi gari.

Tuseme amefika. Kazi yenyewe ni fupi. Nyanga alistaafu 2018, Mtawarira akaiacha timu ya taifa 2019, wote na miaka 34, na hao ndio waliobahatika. Raga ya kulipwa yenyewe ilihalalishwa 1995 tu, na klabu zake bado hazijakomaa mifupa. Uingereza, mwaka 2022, Worcester na Wasps zilianguka katikati ya msimu, mwaka uliofuata London Irish. Wasps waliwahi kuwa mabingwa wa Ulaya mara mbili, lakini wachezaji waliamka hawana kazi. Watu wa hapa hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Mwaka uleule wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, walikuwa wanaondoka kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, kila mmoja na bahasha yake. Lubumbashi inajua bahasha inachukua muda gani kuisha.

Na kuna kichwa. Steve Thompson alikuwa mstari wa mbele wa Uingereza walipomfunga Gregan 20-17 kwenye fainali ya 2003. Mwaka 2020, akiwa na miaka 42, alieleza hadharani kwamba madaktari wamemkuta na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na kwamba hakumbuki kulishinda kombe lile. Wapo wanaojibu kwamba mambo yamebadilika: tangu 2024 wachezaji wa ngazi ya juu wanavaa kinga ya meno yenye vipimo vya nguvu ya pigo, na anayeshukiwa anatolewa akapimwe. Ni kweli, huko juu. Mimi nilienda kumwona mpwa akicheza mwezi wa nane, ardhi imekauka kama tofali. Kijana mmoja aligongwa, akalala. Wenzake walipasua mfuko wa maji kwa meno, wakammwagia kisogoni, wakampiga makofi mawili ya mgongo. Dakika haikuisha, alikuwa amerudi ndani. Hatari ya raga kwetu haisubiri mkataba. Inaanza bure.

Ningekuwa na uwezo, ningeiga Kenya (naisema Kenya ya nchi, si Kenya yetu, komuni ya Lubumbashi). Kule klabu kubwa kama KCB na Kabras zimeegemea kampuni, moja benki, nyingine kiwanda cha sukari. Si ndoto ya Bordeaux, lakini mchezo una mwenye nyumba. Katanga, yenye kampuni za shaba na kobalti kila upande wa barabara ya Likasi, haishindwi kulea timu nne na daktari mmoja wa uwanjani. Hilo lingemsaidia mpwa wangu kuliko majaribio kumi.

Basi nilimwambia dada asiuze friza, kijana aendelee kucheza, na akiletewa barua ya shule au akademi yenye jina, anwani na mtu wa kupokea simu, nitakopa mimi mwenyewe nauli, hata kesho, hata kabla ya diploma. Nikampigia yule bwana nikamwuliza klabu gani inamsubiri mtoto. Akasema bei inaweza kushuka hadi 400. Nikarudia, klabu gani, papa? Akasema mtandao unakatika.