Maji ya Mtera: nani hasa anayeyamaliza?

Kila mgao wa umeme unapotangazwa na kina cha Mtera, bwawa la umeme kwenye Mto Ruaha Mkuu, kutajwa kwenye taarifa ya habari, kidole huelekezwa Usangu, bonde la sehemu ya juu ya mto huo: wakulima wa mpunga wa wilaya ya Mbarali huko wameukausha Ruaha Mkuu. Lawama hiyo si ya bure. Tangu miaka ya 1990 mto huo hukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wakabanana kwenye vidimbwi vya tope, huku mifereji mingine ya mashamba ikiachwa wazi hata mpunga ukishavunwa. Hilo ni kosa, lirekebishwe.

Lakini Mtera haijazwi na maji ya kiangazi. Hujazwa na mafuriko ya msimu wa mvua, na mito ya Ruaha Mdogo na Kisigo nayo huchangia. Kijito kinachokatika Oktoba kisingejaza bwawa hata kingeachwa kipite chote.

Tunaambiwa pia kwamba umeme wa maji hauli maji, yanapita tu. Kwenye mitambo ni kweli: maji yanayozungusha megawati 80 za Mtera huteremka hadi bwawa la Kidatu kuzungusha 204 nyingine. Anayekunywa ni bwawa. Likijaa hutanda zaidi ya kilomita za mraba 600, halina kina kirefu, na liko kwenye nyanda kame kati ya Dodoma na Iringa, jua na upepo mchana kutwa. Piga hesabu: jua likigeuza mvuke mita moja tu ya kina cha maji kwenye eneo hilo, ni mita za ujazo milioni 600 zilizopotea. Na kwa ukame wa kule, mita moja kwa mwaka ni kadirio la huruma. Maji yakirudi nyuma, ukingoni hubaki tope lililopasukapasuka na visiki vya miti iliyozamishwa bwawa lilipojazwa. Sehemu ya maji hayo haikuwasha taa wala kuotesha punje ya mpunga.

Mwaka 2006 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Ihefu, eneo oevu la Usangu, ili mto upone. Mvua zilipopungua, mgao wa 2011 ulikuja vilevile, na mkali.

Mkulima wa Mbarali apimiwe maji yake, sawa. Basi kina cha Mtera kinapotangazwa, zitajwe pia mita za ujazo zilizopaa kama mvuke mwezi huo, kando ya zile zilizoingia majarubani.